Nikiaplai vyuo kumi si ntapata hata kimoja?

SWALI

Assalam aleikum dada. Natumai u mzima na wa nyumbani wote hawajambo. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa vijana wa huku pwani kuhusu masomo na kazi na leo nimeona na mimi nikuandikie, manake nimefika pahali sijui nishike lipi niwache lipi.

Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Langoni hapa Amu. Nilimaliza digrii ya akchuaria, hesabu za bima na hatari, wastani wangu ni 66 yaani sekandi apa. Sasa hivi nafanya kazi kwa sacco moja hapahapa kisiwani, dawati la mikopo, mwaka mmoja na miezi minane. Kazi si mbaya na wananiheshimu lakini dada moyo wangu uko kwengine. Mwaka wa tatu tulikuwa na mwalimu wa stokastiki, zile hesabu za vitu vinavyobadilika kwa bahati, siku moja akatuandikia ubaoni fomula ya Black na Scholes ya kupiga bei ya opsheni akaitoa hatua kwa hatua mpaka mwisho, mimi siku hiyo nilitoka darasani nikasahau hata kwenda kula. Toka hapo nataka kusoma masta ya hisabati ya fedha, ile ambayo wakimaliza wanaitwa makwanti, wapiga hesabu wa mabenki na masoko ya fedha.

Marks zangu nakupa zote manake najua utaniuliza. Kalkulasi ya kwanza 74, ya pili 58, linia aljebra 71, probabiliti 52 (semista hiyo mamangu alikuwa amelazwa, nikawa naenda na kurudi), takwimu 68, rial analisisi 61, stokastiki 73. Kwa kompyuta R na Excel niko sawa, Python najifundisha usiku umeme ukiwepo. GRE, ule mtihani wa kuombea masta Marekani, sijafanya, ila ile ya majaribio nilipata 161 upande wa hesabu.

Nataka Marekani. Orodha yangu ina vyuo kumi, Princeton, Carnegie Mellon, Baruch, Columbia, Berkeley, NYU, Chicago na vyengine vitatu. Binamu yangu alinipigia hesabu: tuseme kila chuo kinachukua mtu 1 kwa 20, basi nafasi ya kukataliwa na kimoja ni 0.95, zidisha mara kumi inabaki kama 0.60, kwa hivo nina asilimia 40 ya kupata angalau kimoja, na nikifanya vyuo ishirini inapita 60. Mwengine tuliyesoma naye kaniambia nisijisumbue, sina chansi hata kidogo. Halafu kuna ajenti mmoja Mombasa anataka 45,000 anasema admishoni ni ya uhakika.

Baba ana mashua yake ya uvuvi, amesema ikibidi ataiuza. Bibi naye kaniuliza swali moja tu, hiyo kazi si ya riba? Nikakosa la kumjibu.

Nambie kweli dada usinionee haya, nafasi yangu ni ngapi?

Binti wa Langoni, Lamu


JIBU

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Kabla ya yote, mwambie baba mashua asiiuze. Nimesoma barua yako mara mbili na hicho ndicho kilichonishtua kuliko marks zote ulizoandika, kwa hivo kabla hujaendelea kusoma nenda kamwambie, halafu urudi.

Haya, sasa hiyo hesabu ya binamu. Kuzidisha amezidisha sawa, 0.95 mara kumi kweli inakupa kama 0.60. Alipokosea ni mwanzo, na wewe uliyesoma probabiliti unapajua. Unazidisha hivo pale matukio yanapokuwa hayategemeani, kama kurusha sarafu mara kumi. Vyuo kumi havirushi sarafu. Vyote kumi vinafungua transkripti moja, vinaona 52 ileile ya probabiliti na 58 ileile ya kalkulasi ya pili na GRE ileile ikiwa itabaki hapo kwenye 161 ya majaribio, na kilichomfanya wa kwanza akakataa ndicho hichohicho kitamfanya wa pili na wa tatu. Ukiongeza vyuo bila kubadilisha kilicho ndani ya faili ni kama kumuuliza mtu mmoja swali moja mara kumi.

Hili silisemi kwa kusoma vitabuni. Mimi nimekulia Shela, ile ya Malindi si yenu, nikasoma hesabu, na mwaka nilioaplai mara ya kwanza nilituma sehemu saba. Nikanyimwa zote saba. Nikalia, nikasema bahati yangu mbaya, mpaka mwalimu mmoja akachukua transkripti yangu akaiweka juu ya meza akapitisha kalamu mstari kwa mstari akasema umeona, hapa hakuna linia aljebra ya pili na programu yoyote ya kompyuta haimo, sasa ulitaka wakupimie nini? Mwaka uliofuata nilirekebisha hayo mawili, nikatuma tatu, nikapata moja. Leo napima hatari za mikopo benki na mkate naula kwa hesabu zilezile.

Na ile 1 kwa 20 yenyewe si yako. Hiyo ni ya wote waliotuma wakichanganywa pamoja, na kwenye hizo programu za juu kuna watu wengi sana wenye GRE ya 169 na 170, wastani wa wanaoingia huwa hapo kwenye 168, 169, na alama ya juu kabisa ni 170. Kwa hivo jibu langu kwa orodha yako jinsi ilivyo, ukituma mwaka huu na faili hili, ni kwamba nafasi ni ndogo mno, na sitaki utoe dola 100 hivi za fomu mara kumi, ambayo kwa dola ya siku hizi inakaribia shilingi 130,000, ili uje ujue hilo. Lakini huyo aliyekwambia huna chansi hata kidogo naye hakusoma faili lako. Mimi nimelisoma.

Njoo tuliangalie pamoja. Stokastiki 73 mwaka wa tatu, hilo ndilo somo gumu kuliko yote uliyoorodhesha na ndilo linalokaribia zaidi hicho unachotaka kusoma, na umepata A. Linia aljebra A. Kalkulasi ya kwanza A. Rial analisisi 61, wengi wanaikimbia wewe umeifanya. Shida yako ni mistari miwili, probabiliti na kalkulasi ya pili, bahati mbaya yake ni mistari miwili wanayoiangalia kwanza, manake bei ya opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza kitu baadaye kwa bei mliyokubaliana leo, ukiivua nguo zote ni wastani wa malipo ya kesho ukirudishwa leo, hiyo ni probabiliti na intigrali basi. Mtu wa kamati akiona 52 hapo anajiuliza kama hiyo 73 ya stokastiki ilikuwa kweli. Kazi yako ni kumwondolea hilo swali, na linaondoleka.

Njia ni kufanya somo hilo tena mahali panapotoa marks zenye jina. Chuo cha MIT cha Marekani wana kozi yao ya probabiliti onlaini, ngumu kwelikweli, si zile za kutazama video na kupewa cheti, ina mazoezi ya kila wiki na mitihani. Kusikiliza ni bure, cheti kilichothibitishwa ndicho cha kulipia, lipia. Ukitoka hapo na marks nzuri ile 52 inakuwa habari ya zamani. Kuhusu kuugua kwa mama, andika sentensi mbili tu kwenye ile sehemu ya maelezo ya ziada, semista fulani mzazi alilazwa, baada yake marks zikapanda, mwisho. Usiliweke kwenye insha kuu. Huko unataka wakujue kwa akili yako, si kwa shida zako.

Kitu kingine ambacho watu wetu wengi kinawamaliza bila kujua. Kwetu 70 kwenda juu ni A, Marekani 66 ni D. Mtu wa huko akipewa karatasi yenye 66 bila maelezo anaweza kukutupa kando kabla hajafika mstari wa pili. Nenda kwa ofisi ya msajili wa chuo chako uombe transkripti iliyochapishwa na jedwali la gredi, hakikisha jedwali lipo na linasomeka, na kama chuo kinataka tathmini ya WES, shirika linalolinganisha marks za nje na za Marekani, ifanye mapema manake karatasi kutoka vyuo vyetu huchukua muda. Fomu ikikuuliza GPA ya 4.0, yaani wastani kwa mtindo wa Marekani, usijigeuzie mwenyewe, andika 66 kwa 100 na daraja ulilopewa.

GRE ya 161 ipandishe ifike 167 au zaidi, na kwa mtu aliyefanya rial analisisi hiyo ni mazoezi tu ya kasi na kutokosea, hesabu zenyewe ni za sekondari. Unaruhusiwa kuufanya nyumbani kwa laptopu lakini nakuomba usiufanyie Langoni. Msimamizi anakutazama kwa kamera muda wote, mlango uwe umefungwa, mtu yeyote asipite nyuma yako, karatasi ya kawaida hairuhusiwi unatumia kibao cheupe kidogo au karatasi iliyo ndani ya plastiki ya kufutika, na intaneti ikikatika unaweza kupoteza mtihani. Nyumba zetu hizo za ukumbi mmoja, mtoto wa jirani anaingia bila hodi kuomba chumvi, umeme nao una mambo yake. Panda boti asubuhi mpaka Mokowe, shika basi, lala Nairobi kwa jamaa siku mbili utulie, ufanye kwenye kituo. Nauli hiyo ina faida kuliko 45,000 za ajenti.

Huyo ajenti muwache. Hakuna admishoni ya uhakika kwenye programu hizi, na kila anachokifanya yeye, kujaza fomu, kupakia makaratasi, wewe unakiweza. Wengine wanawaandikia watoto insha na barua za mapendekezo za kubuni, na ikigundulika jina lako ndilo linaloharibika, yeye kashakula.

Sasa pesa, manake hapa ndipo mashua ya baba ilipoingia. Programu nyingi ulizotaja za Marekani karo peke yake inapita dola 80,000, hiyo ni zaidi ya milioni kumi zetu, kabla hujalala wala hujala. Baruch ni nafuu kuliko hizo kwa kuwa ni chuo cha umma cha jiji la New York, lakini darasa lake ni dogo na ni kati ya ngumu kabisa kuingia. Na jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamekubaliwa: chuo hakikupi ile fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza zipo. Skolashipu za masta hizi Marekani ni chache manake vyuo vinazichukulia kama masomo ya kazi, si ya utafiti. Mashua ya baba, hata ikiuzwa vizuri na injini yake na nyavu zake, haiwezi kufika karo hiyo, na nyumbani mtakuwa mumebaki bila chakula cha kesho. Mikopo ya wanafunzi wa nje isiyotaka mdhamini ipo, riba yake hupita asilimia 10 kwa mwaka, na hapo bibi kashauliza swali lake.

Kwa hivo mimi kwa nafasi yako nisingeuliza ntaingia wapi. Ningeuliza ntaingia wapi nikiwa nimelipiwa. Ukiuliza hivo orodha inabadilika yote, na nafasi yako inapanda kwa sababu kuna milango ambayo wewe una sifa zake na huyo mwenye 170 wa nchi nyengine hana.

Wa kwanza ni Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, inalipa karo na maisha kwa masta ya mwaka mmoja. Wanataka sekandi apa, unayo. Wanataka masaa 2,800 ya kazi, na wewe kwa masaa 40 ya wiki, mwaka mmoja na miezi minane, umeshafika kama 3,400. Unachagua kozi tatu. Imperial wanaandika wazi fasti klasi kwa hivo hapo usipoteze muda. Oxford wanasema fasti au sekandi apa ya nguvu, mlango haujafungwa ila ni mwembamba, weka kama moja ya tatu ukipenda. Lakini Edinburgh, Heriot-Watt, Manchester na York zote zina masta ya aina hii na hapo mtu mwenye sekandi apa iliyojaa hesabu anasomwa vizuri, Heriot-Watt hasa ni watu wa akchuaria toka zamani, wataielewa digrii yako bila kufafanuliwa. GRE kwa hizo huihitaji. Dirisha la Chevening kawaida hufunguliwa mwezi wa Agosti, na masharti yake ni kurudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza, lijue hilo mapema.

Wa pili ni hapa Afrika na naomba usilipite haraka. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilianza Muizenberg kule Cape Town mwaka 2003 na sasa ina vituo hata Kigali, wanachukua vijana wa hesabu kutoka bara zima kwa skolashipu kamili. Masta yao ni ya sayansi za hisabati kwa jumla, si ya fedha, lakini ukitoka hapo na marks nzuri ile 52 haina mtu wa kuisoma tena. Chuo Kikuu cha Cape Town wana masta ya hisabati ya fedha yenyewe, na Nairobi Strathmore wana ya hisabati ya fedha na uchambuzi wa hatari. Halafu kuna WorldQuant University, masta ya uhandisi wa fedha kwa miaka miwili, onlaini, bila karo. Kuingia unafanya mtihani wa hesabu na kubaki humo ni bidii yako tu, unaweza kuisoma ukiwa hapohapo dawati la mikopo mchana na usiku uko darasani. Kwa faili lako la leo hizi nafasi ni nzuri kweli, na AIMS na Strathmore ningezituma mwaka huuhuu.

Barua za mapendekezo, mwendee yule mwalimu wa stokastiki. Usimpigie tu simu, manake darasa lilikuwa kubwa huenda sura hakumbuki. Mpelekee transkripti, na umpelekee kazi uliyofanya. Kazi gani? Chukua bei za bondi za serikali ambazo Benki Kuu inazitoa kwenye tovuti yao kila mnada, jenga kwa Python mkondo wa faida, yaani mchoro wa faida ya bondi za muda mfupi mpaka mrefu, andika kurasa nne umefanyaje na wapi ulikwama. Mwalimu akiona hivo ana kitu cha kuandika. Barua ya pili iwe ya mkubwa wako wa sacco.

Na bibi. Hili nimeliwacha kwa makusudi manake lina uzito. Usimjibu haraka kwamba hapana hakuna riba, haitakuwa kweli, kazi nyingi za makwanti ziko kwenye bondi na mikopo na viwango vya riba. Lakini si zote. Kuna takafuli, bima ya Kiislamu, kuna kupima hatari, kuna sukuk, hati za uwekezaji zisizo za riba, na mwaka 2023 Kenya imeorodhesha sukuk yake ya kwanza kwenye soko la hisa la Nairobi, ya shilingi bilioni 3 za kujenga nyumba, na watu wa kuzipigia hesabu hizo ni wachache mno. Kaa na sheikh unayemwamini umweleze kazi yenyewe kwa undani, asikuhukumu kwa jina tu.

Halafu nataka ufikirie kitu. Baba yako anajua arubuni. Mchuuzi anakuja gatini anamwambia nahodha kamba wako wa wiki ijayo niwekee kwa bei hii, shika elfu mbili, nikija nanunua kwa hiyo bei, nisipokuja elfu mbili ni yako. Kamba wakipanda bei mchuuzi anakuja mbio, wakishuka haonekani, arubuni imekwenda. Hiyo mdogo wangu ni opsheni kamili, kitu kilekile mwanahisabati Louis Bachelier alichokiandikia tasnifu Paris mwaka 1900 na Black na Scholes wakakipatia fomula mwaka 1973. Wanazuoni wametofautiana kuhusu arubuni toka zamani, wapo walioikataa na wapo walioiruhusu, na swali la ile elfu mbili ingepaswa kuwa ngapi hasa ili baba asipunjike, hilo ndilo swali la masta unayoitaka. Insha yako ianzie gatini pale, nahodha na mchuuzi na elfu mbili. Ile ya toka utotoni nimekuwa na mapenzi na fedha waandike wengine.

Anza na probabiliti wiki hii, usisubiri dirisha la mtu yeyote. Ukifika kwenye matarajio yenye sharti, wastani wa kitu ukishajua jambo fulani, ukaona giza niandikie, hapo mimi nilikaa wiki tatu, nina njia ya kukueleza kwa kutumia karatasi na kokoto tu.